Shule Zinafunguliwa Lini? Kisa cha Wiki Mbili za Mafuriko, 2024

Ijumaa ya Aprili 26, 2024, muhula wa pili ukiwa umebakisha siku tatu tu uanze, Katibu katika Wizara ya Elimu nchini Kenya, Belio Kipsang, alieleza kwamba shule 64 za umma jijini Nairobi, karibu thuluthi moja ya shule zote za umma za jiji hilo, zilikuwa zimeathiriwa vibaya na mafuriko. Papo hapo akasema kwamba shule zingefunguliwa Jumatatu kama ilivyopangwa. Upinzani ulikuwa unataka ufunguzi uahirishwe. Mzazi aliyesikiliza habari jioni ile alilala na mambo mawili yasiyopatana: huenda shule ya mwanawe imejaa maji, na Jumatatu mtoto anatakiwa awe darasani.

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo, Waziri wa Elimu Ezekiel Machogu akatoa taarifa. Ufunguzi umesogezwa kwa wiki moja, hadi Mei 6. Ijumaa ya Mei 3, Rais William Ruto akahutubia taifa: shule hazitafunguliwa hadi itakapotangazwa tena. Jumatano ya Mei 8 akarudi na tarehe nyingine: Jumatatu, Mei 13. Katika muda usiofika wiki mbili, familia zilipewa majibu manne kwa swali moja.

Sina ugomvi na uamuzi wa kuahirisha. Alfajiri ya Jumatatu hiyohiyo ya Aprili 29, maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba watu wakiwa usingizini. Waliokufa pale pekee walizidi 40. Siku Rais alipotangaza kufungwa kusiko na kikomo, kimbunga Hidaya kilikuwa kinanyemelea pwani ya Tanzania na Kenya. Kufikia wiki ya pili ya Mei, waliofariki nchini kutokana na mvua za msimu ule walikuwa wamepita 230. Nani angemvusha mto mtoto wa PP1, darasa la chekechea, katika hali hiyo?

Ninachotaka kukitazama ni habari yenyewe. Ilitoka wapi, ilipita kwa nani, ilimfikia mzazi saa ngapi, na ilimwambia afanye nini. Nachagua mzazi wa shule ya msingi ya kutwa kwa makusudi. Vyombo vya habari viliwazungumzia zaidi wanafunzi wa bweni waliokuwa tayari safarini au waliokwama vituoni na masanduku yao. Wale walionekana. Mtoto wa Gredi ya Tatu anayekwenda shule kwa miguu hana sanduku la kupigwa picha.

Jumapili ya mwisho wa likizo

Kwa asiyekuwa na mtoto shuleni, Jumapili hiyo ni siku kama nyingine. Kwenye nyumba ya watoto ni siku ya gharama. Nywele hunyolewa au husukwa. Sare hufuliwa, na kwa mvua ile zilikuwa zinakaushwa kwa pasi. Vitabu hufunikwa upya, viatu vilivyobana hushuka kwa mdogo mtu. Watoto waliokuwa kwa nyanya mashambani hurudishwa wikendi hiyo, na kila mtu anajua nauli za matatu hufanya nini wikendi ya kufungua shule. Mama muuza mboga ameshapanga kwamba Jumatatu atarudi kwenda sokoni alfajiri, kwa sababu asubuhi ikipambazuka watoto watakuwa mikononi mwa mwalimu. Jirani aliyewaangalia likizo nzima ameshashukuriwa na kuagwa.

Ndiyo maana naona saa ya tangazo ilikuwa na uzito kuliko tarehe iliyomo ndani yake. Mei 6 ile ile, lau ingetangazwa Ijumaa mchana, ingeokoa nauli ya kuwarudisha watoto mjini na ingemwachia mtu nafasi ya kumbembeleza jirani akae wiki moja zaidi. Ilipokuja usiku, karibu kila kitu kilikuwa kimeshalipiwa. Na si kwamba Ijumaa hapakuwa na cha kusema. Idadi ya shule 64 ilijulikana Ijumaa. Mvua ilikuwa imeutesa mtaa wa Mathare kuanzia katikati ya wiki. Palikosekana sentensi moja tu: tunaendelea kutazama hali, neno la mwisho litatoka Jumapili saa fulani. Badala yake mzazi alipewa uhakika ambao haukumaliza wikendi.

Mtu atasema serikali haiwezi kutangaza wasiwasi, watu wataingiwa na hofu. Wazazi wa Mathare na Mukuru walikuwa wameshaingiwa na maji ndani ya nyumba. Hofu ipi iliyokuwa imebaki ya kuwaficha?

Barua iliyomtangulia mwalimu

Kwa kawaida neno la wizara hushuka ngazi kwa ngazi: mkurugenzi wa elimu wa kaunti, mkurugenzi wa kaunti ndogo, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mzazi. Usiku ule ngazi yote ilirukwa. Taarifa ilitoka hadharani, na picha yake ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi saa ambazo walimu wakuu wengi walikuwa wamelala.

Yeyote aliye kwenye kundi la darasa anajua kinachofuata hapo. Mmoja anaweka picha ya barua. Wa pili anauliza, "Mwalimu, hii ni ya kweli?" Wa tatu anasema ameiona pia kwenye kundi la kanisa, kana kwamba hiyo ndiyo mihuri miwili. Wa nne analeta taarifa ya mwaka mwingine iliyofanana na hii. Mwalimu hajibu. Si dharau, simu yake imezimwa, na hata ingekuwa imewashwa, yeye mwenyewe ameiona barua mahali palepale walipoiona wao. Hana nakala nyingine ya kulinganisha, na hathubutu kusema "ndiyo" kabla mwalimu mkuu hajasema.

Hapa ndipo naliona tatizo kubwa zaidi la kisa hiki, na si tatizo la wizara. Kuruka ngazi usiku wa dharura kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kwamba ngazi ya chini kabisa, yaani mwalimu mkuu kwenda kwa mzazi, haikuwa na njia yake ya kusema hata maneno mawili: barua ni ya kweli. Shule nyingi hutegemea kundi la WhatsApp kwa kila kitu, kuanzia pongezi za siku ya kuzaliwa hadi mabadiliko ya tarehe. Kundi hilo ni sokoni. Habari nzito ikitupwa humo inasukumana na emoji za maombi na tangazo la mtu anayeuza mitungi ya gesi.

Kisha wako wale ambao hawamo kundini kabisa. Mzazi mwenye simu ya mulika mwizi. Shangazi anayelea watoto wa dada yake na nambari yake haikuandikwa popote shuleni, kwa kuwa fomu ya kujiunga ilijazwa na marehemu. Baba anayefanya kazi ya usiku kama bawabu, akarudi saa kumi na mbili asubuhi, akawaamsha watoto, akawavisha. Kwa watu kama hawa, habari ya kuahirishwa humfikia mtoto langoni, akiwa na sare na maji kwenye viatu, kutoka kwa askari wa shule. Mtoto wa miaka saba anarudishwa kwenye nyumba ambayo mlezi wake ameshaondoka kwenda kazini. Ukiniuliza, hatari ambayo wizara ilikuwa inajaribu kumwepusha nayo ndiyo hiyo hiyo aliyorudishwa ndani yake, mara mbili, kwenda na kurudi.

Yale ambayo Nairobi haikuweza kuyasema

Matangazo yote manne yalihusu nchi nzima. Ni sawa, waziri hawezi kujua daraja la miguu la kila kijiji. Lakini mzazi wa shule ya msingi huuliza mambo ya pale pale. Mto umeshuka? Vyoo vimejaa? Ukuta wa upande wa Gredi ya Kwanza bado umesimama? Uji utapikwa? Majibu ya maswali hayo yalikuwa na mtu mmoja tu, mwalimu mkuu, na katika siku zile walimu wakuu wengi walinyamaza wakisubiri wizara.

Ninaelewa sababu. Mwalimu ni mwajiriwa wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na akitamka jambo linaloonekana kuitangulia serikali anaweza kuitwa ajieleze. Ila kuna tofauti kati ya tarehe na lango. Tarehe ni ya wizara. Lango, daraja, choo na darasa ni vya shule, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa kila shule ya umma bodi ya usimamizi ili mambo ya aina hiyo yawe na wenyewe. Mwalimu mkuu aliyewaandikia wazazi Ijumaa ile kwamba "uwanja una maji hadi magotini na njia ya nyuma haipitiki" hakuvunja amri ya mtu yeyote. Alisema kile alichokiona akiwa amesimama pale.

Na habari hiyo ingefanya kazi kwa upande wa pili pia. Zipo sehemu za nchi ambako mvua haikuvunja kitu, na wazazi wa huko walikaa wiki mbili wakiona picha za Mai Mahiu na Tana River kwenye runinga, bila kujua kama kuna lolote la kuogopa katika shule yao. Neno la mwalimu mkuu lingewatuliza, hata kama lisingefungua shule.

"Hadi itakapotangazwa tena"

Tangazo la Mei 3 lililaumiwa sana. Mimi naliona kuwa la kweli kuliko yote manne, maana wakati ule hakuna aliyejua. Kosa lake lilikuwa dogo ila lenye kuuma: halikusema ni lini watu watarajie kusikia tena. Familia inaweza kustahimili kutojua tarehe ya shule. Kutojua siku ya kujua ndiko kunakoifanya ishindwe kupanga hata chakula cha kesho.

Na chakula si neno la mapambo hapa. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 huwapa watoto wa shule za umma za msingi na chekechea mlo wa mchana, mzazi akichangia shilingi tano. Hesabu ya nyumba yenye watoto watatu ni shilingi 15 kwa siku, wote washibe. Shule ikifungwa, shilingi hizo 15 hazinunui chochote cha maana dukani. Kila siku iliyoongezwa kwenye likizo ilikuwa siku ya kutafuta mlo wa mchana wa watu watatu, katika mitaa ambayo vibanda vya kazi vilikuwa vimesombwa. Sikumbuki kusikia jambo hili likitajwa katika hotuba yoyote kati ya zile.

Kuhusu masomo, wasiwasi ulikuwa zaidi kwenye Gredi ya Sita, wenye KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, mwisho wa mwaka, na kwa wazazi wa Gredi ya Nane, kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya, ambao kila muhula walikuwa wanauliza mambo mapya hata bila mafuriko. Muhula wa pili pia ndio wenye tamasha za muziki na michezo ya mpira, na ratiba za mashindano hazikujua kuwa shule zimechelewa. Hayo yanaweza kurekebishwa. Watoto hucheza hata wakichelewa.

Tangazo la Mei 8

Hili lilitoka Jumatano, kwa Jumatatu. Siku tano. Ijumaa katikati yake, Mei 10, ikawa ya mapumziko ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti. Kwa upande wa muda, ndilo lililowaheshimu wazazi kuliko yote: nauli ingeweza kutafutwa, jirani angeweza kuagwa kwa adabu.

Lakini sasa swali lilikuwa limebadilika. Tarehe haikutosha tena. Baadhi ya shule zilikuwa zimepokea familia zilizohamishwa na maji. Watu walikuwa wanalala juu ya madawati. Kwa mama aliyekuwa ndani ya darasa hilo na watoto wake, habari ya "shule zinafunguliwa Jumatatu" ilikuwa pia habari ya kuhama ifikapo Jumapili. Watoto wake ni wanafunzi wa shule hiyohiyo. Walitakiwa watoke darasani kama wakimbizi na kurudi kesho yake kama wanafunzi, wakiwa na sare. Sare ipi?

Hapo ndipo barua ya shule ilipohitajika kuliko wakati mwingine wowote, na iwe ndefu kidogo. Iseme mtoto aje hata bila sare na hata bila vitabu, na kwamba hatarudishwa nyumbani kwa ajili ya hayo. Iseme maji ya kunywa yatatoka wapi, kwani visa vya kipindupindu vilikuwa vimeripotiwa Tana River na kila mzazi alikuwa amesikia. Iseme vyoo vimekaguliwa na afisa wa afya ya umma, au havijakaguliwa. Iseme ni mlango upi utumike. Na iwape familia zinazohama jina la mtu wa kuzungumza naye, chifu au nani, ili wasikutane na amri ya kuondoka ikiwa imebandikwa mlangoni pekee.

Si mara ya kwanza

Jumapili ya Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya Korona, na za kutwa zikatakiwa kufungwa kesho yake. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi Oktoba 12 mwaka huo; wengine walisubiri hadi Januari 4, 2021. Agosti 2022, baada ya uchaguzi, tarehe ya kurudi ilisogezwa mbele mara mbili, hadi Agosti 18. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa PP2 mwaka 2020 alifika Gredi ya Nne mwaka 2024 akiwa ameshapitia mambo haya mara tatu. Shule iliyompokea mara zote hizo ilikuwa na nafasi ya kutosha ya kujifunza kwamba tarehe iliyochapishwa kwenye kalenda ya muhula ni mpango tu.

Pamoja na hayo, barua ya kufunga muhula inayowekwa kwenye begi la mtoto bado huandikwa kama zamani: tarehe ya kufungua, salio la pesa, orodha ya mahitaji, sahihi ya mwalimu mkuu. Ile ya Aprili 2024 ilibebwa na watoto wakati mvua imeshaanza. Mstari mmoja ungetosha: tarehe hii ikibadilika, tutawaarifu kwa arafa kutoka nambari hii, na msifuate barua nyingine yoyote hadi muone arafa yetu.

Gharama yake? Serikali hupeleka shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma kwa mwaka, fedha ambazo walimu wakuu huzilalamikia kwa haki, maana hazitoshi na huchelewa. Arafa za jumla huuzwa kwa bei isiyozidi shilingi moja hivi kila moja. Shule ya watoto 600 ingetumia kama shilingi 1,200 kutuma ujumbe unaochukua nafasi ya arafa mbili kwa kila mzazi, na pungufu ya hapo, kwa kuwa ndugu husoma pamoja. Simu ya mulika mwizi inaupokea bila bando. Hivi ndivyo ambavyo ningeuandika Ijumaa ya Aprili 26, kabla ya saa kumi jioni:

"Wazazi wapendwa. Kufungua bado ni Jumatatu 29/4 kwa mujibu wa Wizara, ila hali inaweza kubadilika. Tutawaandikia tena Jumapili saa 12 jioni. Aliye mashambani asisafiri kabla ya hapo. Daraja la miguu halipitiki. Wa ng'ambo wasubiri. Mwalimu Mkuu."

Na Jumapili saa kumi na mbili jioni, kama wizara ilikuwa bado kimya, mwalimu mkuu angeandika vilevile: "Bado hatujapata neno jipya. Anayepita penye maji asimlete mtoto kesho, hataadhibiwa." Ujumbe huo haubishani na mtu. Unampa baba anayetoka lindo la usiku kitu cha kusoma kabla hajawaamsha watoto.

Pesa na maneno vinapatikana. Kinachokwamisha ni orodha ya nambari. Nambari za wazazi hubadilika kila mara, laini hupotea, walezi hubadilishana watoto, na katika shule nyingi daftari la nambari liko kwa mwalimu wa darasa, kwenye simu yake binafsi. Akihamishwa na TSC, linahama naye. Chama cha wazazi kingeweza kuifanya kazi hiyo wiki ya kwanza ya kila muhula, langoni, mzazi anapomleta mtoto: nambari yako, nambari ya mtu wa pili, unasoma Kiswahili au tukupigie. Kwa shule ya watoto 600, meza mbili na asubuhi mbili zinatosha. Mvua za vuli huanza Oktoba, ndani ya muhula wa tatu, wakati Gredi ya Sita wanakaribia tathmini.